Siku Saba Kavu

Mkunga Elipokea alinipitishia ugali kwenye kidirisha, na mimi, kabla hata sijanawa mikono, nikauchoma kipimajoto.

"Nyuzi sabini na tisa," nikasema huku nikiandika.

"Mama Mpimaji, hicho ni chakula au mgonjwa?" aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Ni mzigo wa joto. Chochote kinachoingia humu na moto wake lazima kiandikwe."

"Basi kimeze upesi kabla hakijatuchemshia nyumba."

"Hata nikikimeza, mama, bado kitakuwa ndani ya nyumba."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilimsikia akienda kumsimulia mtu, na huyo naye akacheka. Pale Unyamisuna kila nilichokisema humo ndani kilifika kisimani kabla ya jioni.

Hiyo ilikuwa siku ya tatu tangu nifungiwe ndani ya wodi mpya ya wazazi, na nilikuwa nimestarehe kuliko mtu wa umri wangu anavyopaswa kustarehe kazini. Kazi yangu ni hiyo: kufungiwa ndani ya nyumba za watu. Vyombo vinaweza kuchezewa, na vimechezewa sana. Kuna mahali niliwahi kukuta kipimajoto kimetumbukizwa kwenye mtungi. Lakini mwanamke wa miaka hamsini na sita mwenye shinikizo la damu hachezewi. Ndiyo maana sheria inataka, pamoja na vyombo, mpimaji mwenyewe awemo siku saba mfululizo, mlango umepigwa lakiri, bila feni, bila barafu, bila umeme hata wa taa, bila tone la maji ya kupozea. Siku saba kavu, ndivyo tunavyoziita. Joto la ndani likivuka nyuzi ishirini na nane hata kwa robo saa, nyumba imeanguka. Napaka mlango rangi nyekundu, na kuanzia hapo hairuhusiwi kumlaza humo mtu asiyeweza kutoka kwa miguu yake mwenyewe, awe mgonjwa, mzee, mzazi au kichanga.

Nimeshapaka milango arobaini na mmoja. Ofisini Dodoma wananiita Bi Nyekundu, wakidhani sijui.

Wodi yenyewe ilikuwa na vitanda kumi na viwili. Juu ya kila kitanda nilikuwa nimelaza gunia la chumvi maalumu inayotoa joto polepole, sawasawa na mtu aliyejinyoosha, kwa hiyo nilikuwa na wagonjwa kumi na wawili wasiolalamika. Chini ya sakafu kulikuwa na chumba kirefu kilichojaa mawe ya ukubwa wa ngumi, tripu thelathini na nane, yaliyookotwa kwenye vilima vya Singida ambako mawe hayajawahi kumwishia mtu. Upande wa mashariki, usawa wa ardhi, kulikuwa na tundu pana la kuvutia hewa ambalo wenyeji walikuwa wakiliita mdomo. Juu ya paa lilisimama bomba refu la bati jeusi. Jua likichoma bati, hewa ya ndani ya bomba inapanda. Ikipanda inavuta hewa ya wodini, na wodi nayo inavuta kutoka chini, kupitia kwenye mawe, kutoka nje. Usiku bati likiwa bado na moto wake, baridi ya Singida inaingia kwa mdomo na kuyapoza mawe. Mchana hewa ya moto inapita njia ileile na mawe yanaipoza kabla haijafika kwa wazazi. Hakuna kinachozunguka wala kinachowashwa. Nje palikuwa na nyuzi arobaini na mbili, nami nilikuwa kwenye ishirini na saba nukta nne nikifuma kofia ya mtoto.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti dirishani.

"Marahaba, Yusta. Umeamkaje?"

"Tumeamka wawili. Imesimama kwenye ngapi?"

Nilimtajia. Alirudia ile namba taratibu, akaketi chini ya paa la baraza na kuendelea kuchambua mchele wake. Kila siku alikuwa akija na swali hilo moja, kisha tunazungumza mengine yote. Alikuwa binti wa fundi Zefania aliyeijenga wodi, na tumbo lake lilikuwa limeshafika pale ambapo mtu hukaa kwa hatua tatu.

Siku ya pili alikuwa amenisimulia habari yake, bila kulia, macho yakiwa kwenye ungo. Mimba yake ya kwanza, uchungu ulimkuta saa nne asubuhi. Wakamtia kwenye lori kwenda wodi ya chini ya ardhi mjini, kilometa sabini. Saa tano kamili kizuizi kikashuka barabarani, kama kinavyoshuka kila siku tangu ile miaka ya moto, kwa sababu matairi yalikuwa yakipasuka na watu wakizimia humo humo ndani ya magari. Kati ya saa tano na saa kumi hakuna chombo kinachotembea, na hizo ndizo saa ambazo hata umeme wa kupoza hewa hukatwa nchi nzima, maana hautoshi. Walikaa chini ya mgunga saa tano nzima. Mtoto hakufika mjini. Wiki iliyofuata fundi Zefania alianza kuchimba shimo la mawe, peke yake, kabla kijiji hakijamuuliza anachimba nini.

Sasa Yusta alikuwa anatarajia katikati ya Novemba, na wenzake kumi walikuwa wanamfuatia. Msimu wa vipimo hufungwa tarehe kumi na tano Novemba. Kama ningeupaka ule mlango, wote kumi na mmoja wangerudi kwenye lori.

* * *

Siku ya tano jioni nilikuwa nimekaa karibu na tundu la hewa sakafuni, miguu juu ya kiti, nikivuta harufu ninayoipenda kuliko manukato yote: udongo mkavu unapopata maji. Nilikuwa nimeivuta jana yake na juzi yake vilevile. Nilifumba macho nikawaza nyumbani Mpwapwa, na mama yangu akikimbilia kuanua nguo.

Kisha nikayafumbua. Mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha Aprili.

Nje, upande wa mdomo, ufagio ulikuwa ukienda. Nilikuwa nikiusikia kila alfajiri na kila jioni, nikawa nimewasifu moyoni kwamba hawa ni watu wasafi. Upande ule haukuwa na dirisha. Niliinuka nikaenda kwenye dirisha la baraza.

"Yusta! Hao wanafagia wapi?"

"Uwanjani, mama. Hapo mbele ya mdomo."

"Wananyunyiza maji?"

Alinitazama kama mtu anayeogopa kwamba nimeanza kuchanganyikiwa. "Sasa mama, mtu atafagiaje bila kunyunyiza? Si vumbi lote lingekuingia wewe?"

"Maji kiasi gani?"

"Kila nyumba nusu ndoo, asubuhi na jioni. Tuko nyumba kumi na nane. Mkunga alisema mgeni aliyefungiwa hawezi kujifagilia, kwa hiyo tumfagilie sisi." Akaongeza, na niliona kabisa kwamba anajivunia, "Siku hizi tunaoga kwa kikombe tu."

Nilimshukuru. Nilifunga kidirisha, nikaketi kwenye kitanda cha gunia namba saba.

Hewa ikipita juu ya ardhi yenye maji inapoa kabla hata haijaingia kwenye mdomo. Kila jioni na kila alfajiri mawe yangu yalikuwa yakipewa baridi ya bure. Ile ishirini na saba nukta nne haikuwa namba ya nyumba. Ilikuwa maji ya kuoga ya kaya kumi na nane, na mimi, Semeni Chidosa, mpimaji mwenye miaka ishirini na miwili kazini, nilikaa siku tano nikiyanusa na kufurahia.

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Hakuna aliyenidanganya, na vyombo vyote vilikuwa salama. Nilichotakiwa kufanya ni kuendelea kufuma kofia, kisha niweke sahihi. Mtu mwingine angesema hata kosa halipo: hawa watu wananyunyiza tangu enzi za mabibi zao na wataendelea kunyunyiza. Nililigeuza wazo hilo kila upande na kila upande lilikuwa tamu.

Lakini miaka tisa iliyopita, kule kusini, niliwahi kupitisha nyumba ya wazee ambayo madirisha yake ya chini yalipaswa kufunguliwa kwa mkono kila jioni. Mlinzi wake alikuwa mtu mwema sana, hakukosa hata siku moja nilipokuwepo, nami nilimpenda. Niliandika: imefaulu. Januari mlinzi alikwenda kumzika kaka yake, na aliyeachiwa funguo akasahau. Wazee watatu. Majina yao ninayo kichwani mpaka leo, na rangi nyekundu nilianza kuibeba kwa moyo mmoja baada ya hapo.

* * *

Asubuhi nilimwita mkunga. Alikuja akidhani nimeugua, maana nilisikia kandambili zake zikikimbia.

"Mama Elipokea, kipimo kimeharibika."

"Nani kakiharibu?"

"Ninyi. Kwa wema."

Nilimweleza yote, hewa na maji na mawe. Alinisikiliza hadi mwisho. Mkunga huyu ni mfupi, mnene kiasi, na ana kawaida ya kuweka mikono kiunoni anapofikiri, na hapo aliiweka.

"Yaani tungekuacha kwenye vumbi, ndiyo ungetusifu?"

"Ndiyo."

"Hiyo sheria iliandikwa na mtu asiyekuwa na mama."

"Inawezekana."

"Sikiliza. Tutanyunyiza kila siku, miaka yote. Hapa Unyamisuna hakuna anayelala na uwanja mchafu. Andika hivyo kwenye karatasi yako. Andika kwamba sisi wafagiaji ni sehemu ya nyumba, kama lile bomba."

"Na siku mko wote msibani?"

"Mama Mpimaji!" Alishangaa kweli. "Siku ya msiba ndiyo tunafagia mara tatu! Si watu wote wanakuja?"

Miaka tisa nimetembea na swali hilo kama rungu, nikiwapiga nalo wakandarasi na wakubwa zao, na leo mkunga wa zahanati ameninyang'anya bila kutoka jasho. Nusura nicheke. Nilipiga moyo konde nikauliza lililobaki.

"Sawa. Na mwaka ambao kisima kimekauka?"

Mikono ilishuka kutoka kiunoni.

"Kimewahi kukauka?" nikauliza.

"Mara moja. Maji ya kunywa tuligawana kwa kikombe cha kahawa."

"Na joto la mwaka huo?"

"Unalijua."

"Nataka uniambie wewe."

"Ndio mwaka uliokuwa na joto kuliko yote," alisema polepole. Kisha akasogea karibu kabisa na kidirisha na kushusha sauti. "Ukinyamaza, nani atajua?"

"Mimi na wewe."

"Mimi najua kunyamaza."

Sikumchukia kwa kusema vile. Mfukoni alikuwa na kidaftari chenye majina kumi na moja, na kila jina alikuwa amelipapasa tumbo kwa mikono yake. Nilitamani kunyamaza pamoja naye. Nilitamani sana, wala sioni sababu ya kulificha hilo. Tungenyamaza vizuri tu. Yusta angejifungua, wengine kumi wangejifungua, na huo mwaka wa kisima kukauka ungekuwa mbali, huko ambako hata mimi nisingekuwepo.

"Leo msinyunyize," nikasema. "Wala msifagie. Nataka kuona nyumba yenyewe."

Aliondoka bila kuaga, na mchana ule chakula kililetwa na mtu mwingine.

* * *

Nyumba yenyewe niliiona kesho yake. Saa nane na nusu alasiri ilivuka nyuzi ishirini na nane. Saa tisa ilikuwa ishirini na nane nukta sita, nami nilikuwa nalowa mgongoni.

Nilisubiri jua lipungue, nikavunja lakiri nikatoka. Kijiji chote kilikuwa kimesimama barazani na hakuna aliyeniuliza namba, maana kopo la rangi lilikuwa mkononi mwangu. Yusta alikuwa ameketi kwenye ngazi. Baba yake, fundi Zefania, mzee mrefu mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi, alikuwa akiutazama ule mlango alioupiga randa mwenyewe.

Ningeupaka pale pale. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanikera tangu saa tisa, na mimi kitu kikinikera hakiniachi. Tripu thelathini na nane za mawe, kwa wodi ndogo namna ile, zilipaswa kutosha bila maji ya mtu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu mara nne.

"Fundi," nikasema, "nifungulie chumba cha mawe."

Aliondoa mfuniko nyuma ya jengo, nikaingia kwa tumbo na tochi mdomoni. Mawe yalikuwa safi, yameoshwa vizuri, yamepangwa kama mayai. Juu yake, kutoka mwanzo wa chumba mpaka mwisho, kulikuwa na uwazi wa shubiri mbili kati ya mawe na dari. Umesawazishwa kwa makusudi.

"Fundi, hii ni nini?" nilipiga kelele.

"Nafasi!" alijibu kutoka juu.

"Nafasi ya nini?"

"Ya kupumua!"

Nilitoka nikajikung'uta. Alinieleza kwa utulivu wa mtu aliyejenga vihenge vya mtama na ulezi miaka arobaini. Kihenge hakijazwi mpaka juu. Unaacha shubiri mbili ili nafaka ipumue, la sivyo inavunda, na fundi anayejaza mpaka juu watu hawamwiti tena.

"Mawe hayavundi, fundi."

Alitazama shimo, akatazama mikono yake.

"Hayavundi," alikubali, kwa sauti ya chini.

Nilimwonyesha kwa kidole mavumbini. Hewa ni mvivu kama sisi. Ukiipa mlango wa kupenya kati ya mawe na ukaiwekea barabara wazi juu yake, itapita barabarani. Zaidi ya nusu ya hewa yote ya mchana ilikuwa ikipita juu juu na kuingia wodini na moto wake, haijagusa jiwe. Maji ya kina mama yalikuwa yameliziba kosa hilo, mimi nisilione wala fundi asilione. Kama ningenyamaza lingebaki pale chini ya vitanda, zuri na limesawazishwa, likisubiri kisima kikauke. Niliketi chini, na nilifurahi hata nikaona aibu.

Fundi hakufurahi. "Binti yangu angelala juu ya hili," alisema.

"Umekosea shubiri mbili tu, fundi," nikamwambia. "Mimi nimekosea harufu siku tano. Yanapatikana wapi mawe zaidi?"

Hapo ndipo kijiji kilipocheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kumuuliza mtu wa Singida mawe yanapatikana wapi!

Nilipiga simu Dodoma. Mkubwa wangu alinikumbusha kwamba nyumba ikianguka inapakwa, na kwamba likizo yangu inaanza Jumatatu. Nikamkumbusha kanuni ya marudio: kosa likionekana na kurekebishwa, mpimaji anaweza kuanza upya mradi amalize kabla msimu haujafungwa. Aliuliza likizo itakuwaje. Nikamwambia mtu ambaye ana siku saba za kukaa peke yake akifuma haombi likizo.

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, ulianza alfajiri, ukasimama saa tano king'ora kilipolia, ukaendelea saa kumi hadi giza. Siku mbili. Wanaume walileta mawe kwa mikokoteni ya punda, wanawake wakayaosha kwa maji yaleyale wakiyachuja na kuyarudia, na fundi Zefania alilala kwa tumbo ndani ya shimo akipokea jiwe moja moja na kulisukuma mpaka likagusa dari. Hakumruhusu mtu mwingine kuingia. Mimi nilibeba makarai matatu, mgongo ukakataa, nikapewa kazi ya kusimama na kusifia.

Tarehe nane Novemba, saa tisa alasiri, walinifungia tena.

* * *

Wiki ya pili sitaisahau kwa sababu ya vumbi.

Nilikuwa nimewaambia wasinyunyize, na kama hawanyunyizi, basi hawafagii, kwa sababu kufagia bila maji ni kumrushia mgeni uchafu usoni. Kwao ilikuwa bora uwanja ukae hivyo hivyo. Majani ya mipapai yalilala yalipoanguka. Mbuzi walipita na kuacha walichoacha. Siku ya tatu Yusta alinieleza kwamba mkunga amekusanya fagio zote za kijiji na kuzifungia kwenye stoo ya zahanati, kwani kuna wamama mikono ilikuwa inawawasha.

"Jana alipita mchungaji kutoka Ilongero," aliniambia. "Akasimama, akavua kofia, akauliza tumepatwa na balaa gani."

"Mkamjibu nini?"

"Mkunga alimwambia tunapima nyumba. Hakuamini. Ametuombea."

Nilipiga chafya asubuhi na jioni na kuandika chafya zangu kwenye daftari. Lakini kipimajoto! Siku ya kwanza ishirini na sita nukta nane. Siku ya tatu, ishirini na saba kamili. Siku ya tano nje palifika arobaini na tatu, na mimi nilikuwa kwenye ishirini na saba nukta moja, ngozi kavu, miguu juu ya kiti. Mawe yalikuwa yakifanya kazi yao yote sasa. Nilipoweka kiganja kwenye tundu la sakafu saa nane mchana, hewa ilinipita vidoleni ikiwa baridi na nzito, na nilijisikia kama mtu aliyekaribishwa.

Mkunga alikuwa amenisamehe siku ya pili, alipoanza tena kuniuliza kama mchuzi wake umeandikwa. Tulizungumza sana kupitia kidirisha kile. Nilimweleza habari za wazee watatu, na majina yao. Hakusema pole. Aliniuliza yule mlinzi yuko wapi siku hizi, nikasema sijui, akasema ni vizuri nimtafute.

Siku ya saba Yusta hakuja dirishani.

"Amepumzika," mkunga aliniambia saa moja asubuhi, akinipitishia uji. Hakutania uji ule una nyuzi ngapi. Mimi nilidhani ni wasiwasi. Hata mimi nilikuwa nao. Kijiji kilikuwa kimya mno, hata punda sikuwasikia. Saa tano king'ora kililia na kizuizi kikashuka huko barabarani. Saa saba, ishirini na sita nukta tisa. Saa nane, ishirini na saba. Nilifuma nikafumua. Saa tisa kamili nilisimama mbele ya chombo na miwani yangu, nikaandika ishirini na saba nukta moja, nikaandika imefaulu, na nikaweka sahihi.

"Nimemaliza!" nilipiga kelele, nikigonga mlango kwa ngumi. "Imefaulu! Vunjeni lakiri!"

Mlango ulifunguka kabla sijamaliza kusema, nusura unipige. Fundi Zefania alikuwa amemshika Yusta upande mmoja na mkunga upande mwingine. Uso wa Yusta ulikuwa umelowa, macho yametazama ndani, na alikuwa akihema kwa mapigo mafupi ambayo kila aliyezaa anayajua. Mkunga alinipita, akalivuta gunia la kitanda cha kwanza likaanguka sakafuni, akatandika kanga.

"Uchungu umeanza lini?" nikauliza.

"Alfajiri," alisema fundi.

"Alfajiri! Na alikuwa wapi?"

"Chumba cha zahanati."

Chumba cha zahanati kilikuwa na paa la bati na nyuzi zisizopungua arobaini. "Mlango huu hapa, vitanda hivi hapa! Mmemkalisha kwenye moto tangu alfajiri! Kwa nini hamkuniita?"

Mkunga Elipokea alikuwa amenipa mgongo, anavaa glavu.

"Ungefungua, na kipimo kingeharibika," alisema. "Ningeona hatari ningekuita. Sikuona. Na yeye mwenyewe alikataa."

Nilisimama na karatasi yangu mkononi. Miaka tisa nimeogopwa katika mikoa minne, na hawa watu wiki mbili tu zimewatosha kunijua. Nilitaka kuwagombeza wote watatu, na nilitaka kuwakumbatia, na sikujua nianze na lipi.

"Mama Mpimaji," Yusta aliita kutoka kitandani, kati ya pumzi na pumzi. "Funga mlango. Joto linaingia."

Niliufunga. Kipimajoto cha ukutani kilikuwa kimepanda kidogo kwa ajili ya mlango ule, kikarudi kwenye ishirini na saba nukta moja, na kilikuwa bado hapo mtoto alipolia.